Picha Ambayo Hakuna Aliyeiagiza

(Mhadhara kwa wapiga picha wa ridhaa, Mombasa)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti aliponialika aliniambia wengi mngependa kujua mnunue kamera gani na lenzi ipi. Hilo tulimalize mapema: kamera uliyo nayo, hata ya simu, inatosha kwa karibu yote nitakayosema. Lipo jambo moja tu ambalo huenda simu ya bei ya chini isiliweze, nitalitaja likifika. Mengine muulizeni muuzaji, maana yeye hachoki kulijibu swali hilo.

Mimi sipigi picha kwa malipo. Na kwa kuwa wengi humu ni kama mimi, nataka tuzungumze kuhusu uhuru tulio nao, ambao naona tunauacha ukalala.

Mpiga picha wa harusi ana mteja. Mteja anataka bibi harusi aonekane vizuri, mashangazi wote waingie, keki isikatwe pembeni. Ana haki, kalipa. Sisi hatujaagizwa na mtu. Ungetegemea basi picha zetu ziwe za ajabu kuliko zote mjini. Sasa fungueni simu zenu mtazame. Jahazi na jua linalozama. Fort Jesus. Mlango wa nakshi. Mzee mwenye kofia na kikombe cha kahawa chungu. Ni picha nzuri, na mimi ninazo tele, ila zinafanana mno, utadhani sote tumeajiriwa na kampuni moja ya watalii.

Waliokuwa na wateja hawakuwa hivyo. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki 1993, alijifundisha kazi mwenyewe na akafungua studio yake. Watu walikuja kwake kupiga picha za kawaida za studio. Lakini alikata picha kwa mkasi, akaziunganisha vipande na vipande, kisha akalipiga picha upya lile pachiko lote, ukapata kitu ambacho hakijawahi kuwepo mbele ya lenzi. Wakati huo hapakuwa na kompyuta ya kumsaidia. Palikuwa na mkasi, gundi na chumba cha giza cha kusafishia picha.

Na hapa hapa, karibu na kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vilivyotundikwa mapazia ya kuchorwa: meli, ndege, majumba marefu. Kijana ametoka bara kuja kutafuta kazi, anasimama mbele ya ndege ya kuchorwa, picha inakwenda nyumbani kwao. Nimesikia watu wakiziita picha za uongo. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliyepiga alijua, aliyepigwa alijua, na sidhani kama mama mtu aliyeipokea alidhani mwanawe kweli amenunua tikiti. Wote watatu walielewana kwamba hayo ndiyo yanayotamaniwa. Ukinipa picha hiyo na jahazi langu la machweo nichague moja ya kutundika ukutani, nachukua ya Likoni.

Kwa hiyo swali langu ni hili: ikiwa mwenye mteja aliweza kucheza namna ile, sisi tunamwogopa nani?

Tuanze na mwanga, maana hapo ndipo vitabu vinapotupoteza. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na vinakwambia usipige picha saa sita mchana, ungoje jua la jioni. Kwao jua hushuka kwa mshazari, jioni yao ni ndefu. Sisi tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua likishafika saa kumi na mbili linatumbukia, na ukichelewa kufunga lenzi umekosa. Lakini mchana tunao mwingi! Mwezi wa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini kabisa, na kivuli cha mtu hukusanyika miguuni pake. Ingieni vichochoro vya Mji wa Kale saa hiyo. Jua linapiga ukuta mmoja uliopakwa chokaa, ukuta unaurudisha mwanga upande wa pili, na mtu aliyekaa barazani anapata mwanga laini ambao studio ingehitaji taa na mwavuli kuupata. Hatua tatu mbele kuna giza tupu. Mpaka huo kati ya mwanga na giza ndio napenda kuuchezea.

Kuuchezea kunataka ujue kamera inavyofikiri. Inapopima mwanga, hudhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, yaani kijivu. Ijaze kanzu nyeupe, itapunguza mwanga hadi kanzu iwe kama imefuliwa kwa maji ya matope. Ijaze buibui, itaongeza mwanga hadi jeusi lififie. Dawa yake ni rahisi: kwa kanzu ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili ya ule wa kwanza, au zaidi, kwa buibui punguza. Kwenye simu gusa kioo, kisha buruta alama ya jua juu au chini. Hiyo ndiyo picha sahihi. Ukishaiweza, iharibu kwa makusudi. Punguza hatua mbili au tatu, buibui lizame kwenye kivuli cha ukuta, ubaki mkono na kikapu tu. Mteja angerudishiwa fedha zake. Wewe huna wa kumrudishia.

Nimetaja buibui, basi niseme na hili. Wako watu Mji wa Kale, na Lamu zaidi, wasiotaka sura zao zichukuliwe, na hawalazimiki kukueleza sababu. Omba. Wapo wanaosema ukiomba, picha inakufa. Kama inakufa kwa salamu, haikuwa na uhai mkubwa. Katiba ya 2010 inalinda faragha, ila hata isingekuwepo, hawa ni majirani zetu.

Sasa lile jambo la kamera. Mkiwa na chumba chenye dirisha la mbao, kifungeni kiwe giza totoro, muache tundu dogo kama la msumari. Kwenye ukuta wa pili mtaona barabara nzima imepinduka: tuktuk zinakwenda juu chini, mbingu iko sakafuni. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, aliuchunguza mwanga unaopita kwenye matundu kama hayo yapata miaka 1000 iliyopita, hata akaandika kuhusu umbo la jua lililopatwa. Tundu likiwa dogo picha huwa kali lakini hafifu. Likipanuliwa mwanga huongezeka na kingo huyeyuka. Laza mtu kitandani ndani ya picha hiyo, weka kamera kwenye stendi, acha shuta, kile kipazia cha kamera kinachopitisha mwanga, wazi sekunde kadhaa, naye asitikisike. Hapo utahitaji kamera inayokubali kuachwa wazi.

Nikumbushe tu kuhusu unyevu wa kwetu: lenzi iliyofungiwa kabatini huota kuvu. Iwekeni kwenye kopo linalobana na vile vifuko vya kukausha, na kila mara mwitoe muitumie.

Kwa kikao kijacho, kila mtu alete picha moja, iliyochapwa, ukubwa wa postikadi. Iwe ya mahali unapofika kwa miguu kutoka nyumbani kwako. Jahazi haliruhusiwi, machweo hayaruhusiwi, na usiiweke mtandaoni kabla. Tutazipanga mezani bila majina, tuzibishanie. Haya, mwenye swali aanze, ila la bei za lenzi tutalijibia nje kwenye chai.