Geji Inayosingiziwa: Volti Zinazopotea Njiani
(Mazungumzo na mafundi na madereva, Kisumu)

Hamjambo mafundi, na nyinyi madereva mlioacha magari nje juani. Nitazungumza juu ya mshale wa geji, kisha nitawaomba msiuguse.

Gari kuukuu, tuseme pikapu ya Datsun au Peugeot 504 ambayo bado inabeba viazi kutoka Molo, likianza kudanganya kwenye dashibodi, tunakimbilia kununua geji ya mtumba. Inafungwa, na inadanganya vilevile. Geji mara nyingi haina kosa. Inaeleza umeme uliofika kwake, basi.

Hesabuni kwanza mishale inayokosea. Ukikosea wa mafuta peke yake, nendeni kwenye tangi, mkaangalie boya, waya wake na athi ya tangi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia chuma cha gari. Wa mafuta na wa joto ikipanda pamoja, hapo kuna jambo jingine. Magari mengi ya zamani yana kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachoshusha volti ili mishale isiyumbe injini inapopanda na kushuka. Kwenye Land Rover za zamani hutoa wastani wa volti 10. Kikikosa athi, kinaachilia volti zote za betri. Dereva anapanda kutoka Kericho kwenda Mau Summit, anaona mshale uko kwenye nyekundu, anasimama kupoza injini isiyo na shida. Huyo ana heri. Anayeumia ni yule ambaye fundi wake alizungusha utepe mweupe wa mabomba kwenye nyuzi za senda ya joto, kile kipimo cha injini kinachopeleka habari kwa geji, ili maji yasivuje. Senda haigusi chuma sawasawa, mshale unabaki chini, na maji yanachemka kimya kimya.

Indiketa zikiwaka na mishale ikacheza nazo, karibu kila mara ni athi.

Sasa volti zenyewe. Betri iliyojaa, injini imezimwa, ina volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma na alternata, mashine inayochaji betri, ni nzima, mtaona kati ya 13.8 na 14.4. Hiyo ndiyo nauli ya safari nzima, kwenda na kurudi, na kila kiungo chenye kutu kinatoza chake njiani. Taa kubwa mbili za wati 55 huvuta ampea kama 9. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu kitakula karibu volti 0.9. Taa ikipungukiwa asilimia 10 ya volti, mwanga wake hushuka kwa karibu asilimia 30. Halafu mtu ananunua balbu mpya!

Wengi wenu mnapima waya kwa omu, na hapo tutabishana kidogo. Waya uliokatika nyuzi zote ukabaki na mmoja bado utaonyesha karibu sifuri, kwa sababu mita hupitisha umeme mdogo mno. Upimeni ukiwa kazini. Injini inanguruma, taa kubwa na feni zimewashwa, mita iko kwenye volti za DC. Ncha moja iguse kichwa cha hasi cha betri, risasi yenyewe, si terminali iliyokibana. Nyingine iguse bloku ya injini, halafu bodi, halafu athi ya geji nyuma ya dashibodi. Ikizidi volti 0.2, ubovu uko kati ya ncha zako mbili. Starta ikizungushwa, 0.5 ndio mwisho.

Waya mnene wa athi kati ya injini na bodi husahaulika sana injini inapobadilishwa. Usipokuwepo, umeme wa starta hujitafutia njia, hata kupitia kebo ya akseleta, nayo inapata moto.

Mzee pale nyuma anauliza kwa nini voltimita aliyojifungia inasoma 12.8 na betri ina 14. Mzee wangu, umeiunga kwenye waya wa swichi unaolisha pia waipa, feni na redio? (Anaitikia.) Basi inasoma masalio. Ipe waya wake kutoka betri, wenye fyuzi, upitie rilei, swichi ya umeme inayowashwa na swichi ya gari. Athi yake ifungwe kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma. Na kabla hujafungua nati yoyote, toa kwanza terminali ya hasi.