Kadi za Waterloo Ambazo Hazikuingia Pakitini

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Leo ni kadi za picha zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara, nami naanza na zile ambazo mvutaji hakuzipata.

Mwaka 1915 kampuni ya sigara ya W.D. & H.O. Wills ya Bristol, Uingereza, ilitayarisha kadi 50 za mapigano ya Waterloo, yaliyokuwa yakitimiza miaka 100. Kilichoiponza ni kalenda. Juni 1815 Mwingereza alikuwa akimpiga Mfaransa. Juni 1915 wawili hao wamebanana kwenye handaki moja wakimkabili Mjerumani. Tena kuna balaa jingine: waliomwokoa Wellington, jemadari wa Waingereza, jioni ile ya Waterloo ni jeshi la Prussia, yaani Wajerumani haohao! Picha hiyo utamuuzia nani? Seti ikazuiwa, Mfaransa asije akaudhika.

Sasa, muuza tumbaku na mambo ya ushirika wa kivita wapi na wapi?

Turudi nyuma. Marekani, miaka ya 1870 na 1880, sigara ziliuzwa kwenye pakiti laini za karatasi na kuvunjikia mfukoni. Kikatiwa humo kipande cha karatasi ngumu, pakiti isimame. Halafu wenye akili wakaona uso mtupu ule unapotea bure. Wakachapa waigizaji wa kike, wachezaji wa besiboli, na askari. Kinney Brothers wa New York walitoa kadi za askari zaidi ya 600, magwanda ya mataifa na enzi mbalimbali. Gwanda lina wekundu wake na vifungo vya kumetameta, na vikosi haviishi: ukimpata askari mmoja, unamtafuta mwenzake. Hapo ndipo mfuko wa mnunuzi ulipotobolewa.

Aliyevuta alikuwa baba. Aliyekusanya alikuwa mtoto. Watoto wa Uingereza waliwavizia wanaume barabarani kuwaomba kadi, wakazirusha ukutani kushindana. Kwa hiyo Wills walipotoa, mwaka uleule wa 1915, kadi 12 zenye mabango ya kuandikisha askari, bango lilibanduka ukutani likaingia nyumbani mfukoni mwa baba. Gallaher wa Belfast nao wakatoa mashujaa wa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, kadi 25 baada ya 25, mpaka wakafika 200. Mimi hizo, niseme kweli, zinanichosha. Sura zinafanana mno. Zinazonivutia ni kadi za Wills za magari ya kijeshi, za 1916, kwa sababu ya mgongo wake: kuna zilizochapwa kwamba wakaguzi wa serikali wameziruhusu. Kijikaratasi kisichofika sentimita 7, nacho kinapigwa muhuri kama barua ya askari kutoka vitani!

Ruka hadi 1938. Wills wanatoa kadi 50 za kujikinga na mashambulizi ya ndege. Farasi na vifungo vya dhahabu hakuna tena. Kuna chumba kinachozibwa gesi isipenye, barakoa inavyovaliwa, bomu la moto linavyozimwa. Mtoto alizibandika kwenye albamu ya peni moja. Mwaka 1940 karatasi ikaadimika kwa ajili ya vita, na kadi zikakoma.

Ninazo mbili hapa za seti hiyo. Zipitisheni mkono kwa mkono, ila pembe msizikunje.