Na mpigaji naye, kitambulisho chake kiko wapi?

Asalaam aleikum watu wa Amu, Lamu yetu ya Kenya, na nyinyi wa Mokowe mnaosubiri boti. Hapa Leicester mvua tangu alfajiri, kwa hiyo leo hatutembei, tunaongea jikoni.

Juzi niliomba benki yangu ya huko nyumbani iniwekee namba ya simu ya Uingereza. Loo! Pasipoti, PIN ya KRA (ile namba ya mlipa kodi), karatasi ya kuonyesha ninapoishi (mimi niliyekulia Langoni, nyumba hazina namba!), kisha simu ya video. Dada wa benki ananiambia nishike pasipoti kando ya uso, nigeuze kichwa kulia, kushoto, nifumbe macho. Nikamuuliza, kwani mimi mwizi? Akacheka: "Picha haigeuki, kaka." Maana mtu aweza kuinua picha yangu mbele ya kamera, lakini shingo yangu ataigeuzaje?

Nilinuna, sikatai. Usiku uleule shangazi akanipigia. Kuna kijana alimpigia akiwa barazani, sauti asali, akamtajia majina yake matatu na namba ya kitambulisho, hakukosea hata tarakimu. "Mama, akaunti yako inafungwa. Nisomee zile namba sita zilizoingia kwenye meseji." Kilichomwokoa ni miwani, aliisahau kwa jirani. Kurudi nayo, kijana amechoka kusubiri, amekata.

Sasa sikilizeni. Zile namba sita ni sahihi yako. Kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti, benki inakuuliza, ni wewe? Ukizisoma, umeshajibu ndiyo. Mfanyakazi wa benki hana kazi nazo, wala na PIN yako ya siri ya akaunti.

Na kitambulisho alikipata wapi? Jamani, vile vitabu vya wageni getini! Unaandika jina, kitambulisho, simu, na anayefuata anasoma mstari wako akingojea kalamu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data zikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, aliyekuwa anazihifadhi ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data. Haya, askari wa getini atajuaje nani amechungulia?

Nikamhadithia shangazi ile video yangu ya benki. Jana namba ngeni ikampigia tena, akaipokea, hakungoja salamu: "Wewe kijana, geuza kichwa kwanza nikuone."