Ziara ya makumbusho huanzia nyumbani

Asanteni, ninyi mnaoendesha makumbusho. Nimekuja kusema jinsi teknolojia inavyoweza kumsaidia mgeni mwenye usonji (autism), ambaye kelele, mwanga au mambo ya ghafla yanaweza kumzidi. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi: chooni.

Nilimpeleka mpwa wangu makumbusho. Ana usonji, alikuwa na miaka 9, na anapenda saa kuliko kitu chochote, hasa zile zinazoonyesha meno ya magurudumu yake. Tulilipa, tukapitia chooni kwanza. Mtu mmoja akaweka mikono chini ya mashine ya kukaushia. Mtoto akaziba masikio, akajikunja chini ya sinki, magoti kidevuni, akawa anarudia, "Izime, izime." Ikanyamaza. Akaingia mtu wa pili, ikalia tena. Saa alizozifuata zilikuwa juu yetu, ghorofa moja tu. Hakuziona. Tukarudi nyumbani.

Kinachoniuma ni kwamba pale mlangoni palikuwa na skrini ya kugusa kubwa kuliko meza hii, na miwani ya uhalisia pepe imepangwa rafuni. Pesa ya teknolojia ilikuwepo! Kilichokosekana ni sentensi moja kwenye tovuti: mashine ya chooni ina kelele, vyoo vya juu vina taulo za karatasi. Ningeisoma jana yake, nikampitisha juu moja kwa moja.

Nilipiga simu. Mfanyakazi mmoja, kwa hiari yake, akazunguka jengo na simu yake akanitumia picha 11: lango, mlinzi anayekagua mikoba, ngazi, kabati la saa, benchi lililo mbele yake. Tulizitazama kila jioni, kwa mpangilio uleule. Siku tuliyorudi, mtoto ndiye aliyeniongoza. Alisimama mbele ya saa moja mpaka miguu ikanichoka mimi, akihesabu meno ya gurudumu kwa kidole bila kugusa kioo.

Wataalamu wanalijua jambo hili zamani. Carol Gray alianza kuandika hadithi za kijamii mwanzoni mwa miaka ya 1990: maelezo mafupi ya kitakachotokea mahali fulani, yawe na picha au yasiwe nazo. Wekeni hayo kwenye tovuti. Picha iwe ya lango lenyewe, si mchoro, na mkipaka lango rangi nyingine, badilisheni picha siku hiyohiyo, maana mtoto aliyeandaliwa kwa lango la kijani akikuta la buluu ataona amefika kusiko. Ongezeni ramani ya hisi: chumba gani kina mwangwi, kipi kina giza, wapi video hulia ghafla, wapi mtu anaweza kukaa kimya. Field Museum ya Chicago ilitoa programu ya simu ya namna hii, Field for All. Mgeni aliweza kupanga ratiba yake kwa picha kabla hajatoka nyumbani. Inawezekana, basi.

Huwa naambiwa, "Lakini hatujawahi kupata malalamiko." Mtayapata wapi? Yule aliyejikunja chini ya sinki hakuandika kwenye kitabu cha wageni. Aliondoka.

Wengine husema kila mwenye usonji ana hali yake, tutamridhisha nani? Swali zuri. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataja pande zote mbili: hisi zinazozidiwa upesi na hisi zinazotafuta zaidi. Mmoja anakimbia taa inayozunguka, mwingine anaweza kuitazama saa nzima. Ndiyo maana siwaambii mzime kila kitu. Nawaambia mseme kilichopo, kila mtu achague njia yake. Tovuti inaweza kufanya hivyo. Swichi ya ukutani haiwezi.

Muda unaniishia, niyapitie haraka. Taa za tyubu zenye choki ya zamani, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa taa, kwenye umeme wa hezi 50, hupepesa mara 100 kwa sekunde. Wapo wanaoumia nazo, zibadilisheni. Vikinga masikio viwe mapokezini, visiombwe kwa kujieleza. Kama mlango wenu unahesabu watu, hesabu hiyo ionekane kwenye simu ya mgeni. Science Museum ya London ina Early Birds, asubuhi ambazo familia huingia kabla ya umati. Vizuri, ila watu wazima wenye usonji nao wapo, na wengi huja peke yao. Na kabla ya kununua chochote, waiteni wenye usonji wakijaribu, muwalipe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unataja makumbusho waziwazi katika kifungu cha 30, kwa hiyo msiniambie ni hisani.

Naona naonyeshwa saa. Tuanze maswali. Asiyetaka kushika kipaza sauti aandike. Namba iko ukutani, nitasoma na kujibu kila moja.