Nani Anasema na Nani: Nafsi katika Maongezi ya Kiingereza

Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya walimu, wazazi na vijana wanaotembeza wageni

Assalamu alaikum walimu wangu, wazazi wangu, na nyinyi vijana mnaowapitisha wageni Usita wa Mui mpaka Shela.

Darasani Kiingereza huanza na jedwali: I, you, he, she, it, we, they. Mtoto huliimba mpaka likamkaa. Kisha anashuka gatini, anakutana na mgeni na mkewe, na akimzungumzia yule mke anasema "he". Watu humcheka. Mimi sicheki, maana kosa hilo lina asili yake. Kwetu nafsi imo ndani ya kitenzi. Tukisema "amekuja", ile a- haiulizi kama ni Ali au Amina. Kiingereza kinamlazimisha msemaji aamue, mwanamume au mwanamke, kabla kitenzi hakijatoka kinywani. Jedwali haliwezi kumzoeza mtoto uamuzi huo, kwa kuwa kwenye jedwali hakuna mtu anayezungumziwa.

A- hiyo hiyo huzaa kosa la pili: "My father he fishes." Mwanafunzi amechukua "Baba anavua", na ile a- akaipa neno lake. Katika insha, mwalimu, sahihisha. Katika maongezi nenda polepole, kwani hata wenye lugha humtaja mtu kwanza, wakatua kidogo, kisha wakamrudia kwa "he". Maongezi yana sarufi yake. Humo hata "I" huachwa, kama katika "Don't know".

Lakini neno lenye mambo mengi kuliko yote ni "you". Zamani Waingereza walikuwa na "thou" kwa mtu mmoja, na "ye" pamoja na "you" kwa wengi. Tangu karne ya 13, kwa kufuata desturi ya Kifaransa, mkubwa akaanza kuambiwa "you" hata akiwa peke yake. "Thou" ikabaki kwa wadogo na watu wa karibu, na ikawa silaha pia: mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita Walter Raleigh "thou" mahakamani, makusudi, ili amtweze. Polepole kila mtu akastahili "you", na "thou" ikatoweka katika maongezi ya wengi. Ndiyo sababu hadi leo tunasema "you are" kwa mtu mmoja.

Yako mawili yanayomhusu nahodha wa mashua hapa. Kwanza, akimuuliza mmoja wa wageni wanne "Are you coming tomorrow?", hakuna ajuaye kama ameuliza "unakuja" au "mnakuja". Wenye lugha wenyewe wamehangaika na pengo hilo: kusini mwa Marekani husema "y'all", na Ireland wako wasemao "youse". Nahodha aseme "all of you", yatosha.

La pili ni zito zaidi. Heshima yetu hatuiweki kwenye "wewe". Tunaiweka kwenye jina tunalomwitia mtu. "Ngoja hapa, mamangu" ni maneno ya adabu, na mwenye kuibeba adabu ni "mamangu". Kijana akisema "You wait here", ameliacha neno lililobeba heshima, na mgeni anasikia amri. Kiingereza huiweka heshima kwenye kitenzi: "Could you wait here?" Ninasikitika sana kumwona kijana aliyelelewa kwa adabu akidhaniwa hana adabu kwa sababu ya sarufi tu.

Kwenye "they" tuna bahati. Waingereza huitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14: "Someone has left their bag." Hapo inafanya kazi kama a- yetu, na kama neno letu "wake" katika "mfuko wake". Wafundisheni watoto mapema.

Basi, tuzoeze vipi? Kwa watu watatu, wala wawili hawatoshi. Wawili wakiongea peke yao watatumia "I" na "you" tu, na "he" na "she" hazitapata kazi. Wawili waongee juu ya wa tatu, mwanamume au mwanamke, naye asikilize na kukosoa. Kisha wabadilishane viti, na aliyekuwa "she" awe "I". Walimu wa safu ya mbele, leteni viti vitatu hapa tuanze. Nataka mmoja wenu awe nahodha.