Kufuta Chati za Lahajedwali kwa Makro

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuziondoa chati zilizopachikwa ndani ya lahakazi za Excel kwa kutumia makro, yaani msururu wa amri ambazo Excel huzitekeleza yenyewe, badala ya kuzibofya na kuzifuta moja baada ya nyingine. Amri yenyewe ya kufuta ni nyepesi mno. Kazi iko katika kuhakikisha kwamba kilichofutwa ndicho kilichokusudiwa.

Aliyewahi kurithi faili la ripoti ya kila mwezi anaujua mkasa huu. Makro iliyoachwa na mtangulizi wake huchora chati mpya kila inapoendeshwa, na huiweka palepale, kwa vipimo vilevile, juu ya chati ya mwezi uliotangulia. Mtazamaji huona chati moja tu, kumbe chini yake zimelala nyingine kumi na moja, na faili linazidi kuwa zito bila sababu inayoonekana kwa macho.

Katika VBA, lugha ya makro iliyoingia Excel kwa toleo la 5 mwaka 1993, chati iliyopachikwa hukaa ndani ya chombo kinachoitwa ChartObject, na vyombo vyote vya lahakazi moja hukusanywa chini ya jina ChartObjects. Kwa hiyo mstari mmoja unatosha kuisafisha lahakazi nzima:

ActiveSheet.ChartObjects.Delete

Mstari huu una kasoro moja: ukikuta lahakazi haina chati hata moja, makro hukwama na kutoa ujumbe wa kosa. Ndiyo maana tunauliza idadi kwanza:

If ActiveSheet.ChartObjects.Count > 0 Then ActiveSheet.ChartObjects.Delete

Chati iliyowekwa kwenye karatasi yake yenyewe haihusiki hapa, kwa sababu hiyo huhesabiwa katika mkusanyiko mwingine uitwao Charts.

Lakini ni nadra mtu kutaka kufuta zote. Mara nyingi kuna chati mbili tatu za kudumu ambazo mkuu wa idara hataki ziguswe, na nyingine za kupita. Njia ninayoipendelea ni kuzipa zile za kupita jina lenye mwanzo maalumu tangu zinapochorwa, tuseme “Muda_”, kisha kuzisaka kwa jina hilo:

For i = ActiveSheet.ChartObjects.Count To 1 Step -1
    If Left(ActiveSheet.ChartObjects(i).Name, 5) = "Muda_" Then
        ActiveSheet.ChartObjects(i).Delete
    End If
Next i

Naomba tutulie kidogo kwenye mstari wa kwanza, kwa maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwa nini tunahesabu kurudi nyuma? Chukueni lahakazi yenye chati tano, zote za kufutwa, na mhesabu kuanzia 1 kwenda mbele. Chati ya kwanza inafutwa; papo hapo ile ya pili inasogea na kuwa ya kwanza, na nyingine zote zinashuka namba. Kitanzi, yaani sehemu ya makro inayojirudia, kinapofika 2, kinafuta ile iliyokuwa ya tatu, na kinapofika 3 kinafuta iliyokuwa ya tano. Kikifika 4 hakikuti kitu, makro inakatika kwa kosa, na chati mbili, ya pili na ya nne, zimebaki kana kwamba hazikuguswa. Tukianzia mwisho, kinachofutwa hakibadilishi namba za zile ambazo bado hazijafikiwa.

Ipo njia nyingine ya kupitia mkusanyiko wa Shapes, ambao hubeba kila kinachoelea juu ya seli. Mimi mwenyewe niliwahi kuitumia kwa pupa, bila kuchuja, na zikaenda chati, ikaenda nembo, kikaenda hata kitufe nilichokuwa nimekibofya kuiendesha makro yenyewe. Anayelazimika kupita huko na aulize kwanza kama umbo husika lina chati, kwa sifa iitwayo HasChart.

Kosa la namna hiyo huumiza zaidi kwa sababu mabadiliko yaliyofanywa na makro hayatenguliki kwa Ctrl na Z. Aidha, makro ikishabadilisha kitu, hata historia ya hatua mlizofanya kwa mkono kabla yake hufutika. Hifadhini nakala kwanza, kisha mruhusu makro iandike majina ya chati itakazozifuta kabla ya kuipa ruhusa ya kufuta. Orodha ya majina kumi husomwa kwa sekunde chache.

Lahakazi iliyofungwa kwa nywila itawagomea mpaka ifunguliwe ndani ya makro na kufungwa tena mwishoni. Vilevile VBA haiendeshwi katika Excel ya kwenye kivinjari. Wanaotumia Google Sheets wanayo getCharts ya kuziorodhesha chati na removeChart ya kuziondoa.

Na kwa lile faili la ripoti nililoanza nalo, ningelifuta rundo hilo mara moja, nibakize chati moja tu, kisha nibadilishe makro ili kila mwezi iielekeze chati hiyohiyo kwenye data mpya kwa amri ya SetSourceData. Mwezi unaofuata hakutakuwa na cha kufuta.