Mamako ana ripoti fomu zako?

Bismillahi. Wa nyuma mwanisikia? Haya. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ashaanza kunitilia jicho kwa sababu anijua, nikianza na leso naishia kwenye feri. Hili nalolisema leo nimelisema harusini, nimelisema kwenye mkutano wa wazazi, mara moja nililisema matangani nikaambiwa bibi hapa si pahali pake. Nalo ni hili: mtu mzima anayetaka kujua kama ana ADHD, ile hali ya ubongo ya makini kutokaa na mwili kutotulia, asianze na simu, aanze na mamake.

Zaidi ya hapo sielezi, mlioko hapa mshaziona zile video saa nane za usiku na kila mmoja ashajipima mwenyewe na ashafaulu. (Kicheko.)

Sasa kisa changu. Mimi nauza leso Biashara Street, hapa hapa Mombasa, duka ni la marehemu baba. Kuuza najua, jina la leso nikilisoma mara moja halinitoki miaka kumi. Lakini daftari la madeni! Mteja achukua doti tatu, namwambia ngoja niandike, natafuta kalamu, katika kutafuta kalamu naona bili ya stima sijalipa, natoa simu nilipe, kwenye simu kuna meseji ya shangazi, namjibu shangazi, naja kuinua kichwa mteja ashafika Marikiti na doti zangu tatu na mimi sikumbuki alikuwa nani. Mwaka mmoja niliacha korja nzima kwenye matatu. Korja, ishirini, zimefungwa kamba, nimezipakata mwenyewe! Nikashuka mikono mitupu kwa sababu nilikuwa nawaza aliyetunga lile jina la leso alikuwa amsema nani.

Watu wakasema ni mapepe tu. Wengine wakasema ana kitu huyu, nikapelekwa kusomewa, na kusomewa kulinituliza roho wala sikatai, lakini daftari lilibaki jeupe. Hospitali ya kwanza niliyoingia wakaniambia ni stresi za biashara, wakanipa dawa za usingizi. Nililala vizuri mno. Nikaamka na madeni yale yale.

2022, nina miaka 44, ndo nikampata daktari wa akili aliyekaa kitako akanisikiza. Nami nimejitayarisha kumwambia habari za daftari, yeye hana habari na daftari, yuwaniuliza: ulipokuwa na miaka kumi ulikuwa vipi? Nikamwambia daktari, mimi sikumbuki kama asubuhi nimekunywa chai, wewe waniuliza 1988! Akasema basi nani akumbuka?

Nikaenda Mji wa Kale kwa mama. Mama yangu ni mtu wa kuweka, chini ya kitanda ana mkebe wa biskuti, ule wa bati, ndani mna hati ya kiwanja, kadi za chanjo za sote saba, na ripoti fomu zangu zimefungwa kwa uzi wa kushonea. Tukazifungua juu ya mkeka. Darasa la tatu: aweza kufanya vyema akitulia. La nne, muhula wa kwanza: mwerevu lakini macho yako dirishani. Muhula wa pili, mwalimu mwengine kabisa: amepoteza vitabu vitatu. La tano: anaongea sana. La sita, yule wa hesabu, mwandiko mzuri wa wino wa buluu: jibu analijua, njia haonyeshi. Mwaona? Walimu hawa hawakukaa baraza moja wakanisengenya, kila mmoja na mwaka wake, wengine hata hawakuonana, na wote wamemwandika mtoto mmoja. Mama alikuwa kimya muda, azipindua pindua, halafu akasema, hizi zote nilikuchapia. Akainuka akaenda kuteleka chai.

Basi daktari azitakia nini? Kwa sababu ADHD haimwingii mtu na miaka 40. Ule mwongozo wa madaktari wa Marekani, toleo la 2013, wasema dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zamani walikuwa wakisema 7. Dalili ni tisa upande wa makini, tisa upande wa kutotulia na pupa, mtoto ahitaji sita kwenye upande mmoja, sisi kuanzia miaka 17 tano zatosha, na ziwe zakukwamisha pahali pawili au zaidi, si dukani tu na nyumbani mambo yako sawa. Na hakuna kipimo cha damu cha hii kitu, wala picha ya kichwa itakayokuambia unayo au huna, mtu akitaka kukuuzia picha ya ubongo kwa ajili hiyo, hizo pesa nenda kanunue samaki. Daktari atategemea maneno, yako na ya waliokulea. Ndo maana nikasema mama.

Sasa kuna mzee pale namuona ajikuna ndevu, ataka kusema zama zetu hayakuwako haya, ni simu hizi. Mzee wangu, 1988 kwetu simu ilikuwa ya jirani, na ukipiga walipa! Daktari mmoja, George Still, alisimama London 1902 akawatolea madaktari wenziwe mihadhara mitatu na ndani yake mna watoto wa namna hii, na wakati huo reli iliyoanzia hapa kwetu ilikuwa ndo kwanza imefika Kisumu. Simu gani?

Na wewe uliyesema kila mtu husahau. Kweli. Kila mtu wa Likoni ashaachwa na feri. Mimi nilikaa Likoni miaka sita, nyumba iko karibu hivi kwamba honi naisikia nikiwa jikoni, walioko juu huko wa kupanda matatu mbili wafika wavuka, na mimi niko pale kila siku ya Mungu naangalia mgongo wa feri. Kuachwa ni kumoja?

Mashoga zangu, haraka haraka: mtoto wa kiume akipanda meza kila mtu amuona, ataitwa mzazi wake. Wa kike yuko kwenye dirisha atazama kunguru, ataambiwa ni mpole. Ndo maana wengi wetu twajua tukiwa na watoto wetu, mtoto apimwa, daktari akisoma dalili mama ajikuta yeye. Na ADHD yarithiwa katika ukoo, hilo halina ubishi.

Na asiye na mama? Au fomu zimeliwa na mchwa? Tafuta dada mkubwa, maalim wa madrasa, mtu mlokaa dawati moja. Daktari hatakufukuza kwa kukosa karatasi.

Ee Mwenyekiti, nimeuona mkono. Dakika ngapi? Mbili! Haya. Yale maswali sita ya WHO yaliyoko mtandaoni ni mazuri, yajibu, lakini hayo ni kupiga hodi tu, nyumba hujaingia. Tezi la shingo, upungufu wa damu, kukosa usingizi, huzuni ya muda mrefu, vyote hivyo vyaweza kukufanya uonekane una ADHD na huna, mwache daktari avipime. Watafunaji wa miraa na muguka, na msinirudishe kwenye ile siasa ya 2024 ya kupiga muguka marufuku, mimi sihukumu mtu, mwambie daktari ukweli, kwa sababu ule mti nao wachangamsha ubongo na dawa ya kwanza kwenye orodha, methilfenideti, nayo ni ya kuchangamsha, na atataka kupima presha na kusikiliza moyo kabla hajakuandikia. Usimeze ya shoga yako! Yangu yanisaidia, lakini daftari bado nimelifunga kamba kwenye kaunta, na kalamu yake. La ujauzito na dawa sitaliwahi, niulizeni nje. La kuogopa kuonekana hospitali ya Port Reitz, kule kwa matibabu ya akili, pia nje, hilo nina maneno mengi.

La mwisho, la mwisho kweli: chukueni kopi, za asili msiache. Mama alikuja nami siku ya pili, amebeba mkebe mzima na hati ya kiwanja ndani, na daktari alipotaka kuzitia zile fomu kwenye faili lake alimshika mkono. Piga picha mwanangu, akamwambia, hizi zarudi kwetu.

Haya, maswali.